Shemeji Yangu kwa Kiingereza

Kibabi, tarehe 9 Januari 2022

Kwa shemeji Adelaïde, huko Pinga,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba wanafunzi hawajakumaliza sauti. Sisi huku tuko wazima. Carmel hajambo, amerefuka, viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Maharage tumeanza kuvuna, si mabaya.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike dada yako Vestine hatujaandikiana, na siku ile ya mazishi uliniambia maneno mbele ya watu. Sikuandikii kwa sababu nimeyasahau. Nakuandikia kwa sababu nina shida ambayo wewe tu unaweza kuiondoa.

Nataka kuoa tena. Mwanamke anaitwa Muhawenimana. Kwao ni watu wa Masisi waliokimbilia Uganda zamani. Baba yake alishafariki, mwenye neno ni kaka yake Cyusa, anayeishi Amerika. Nilituma mtu kwenda kuposa na jibu limerudi. Wanasema hawana ubaya na mimi, ila mwanaume aliyefiwa hawampi dada yao mpaka ukweni kwake kwa kwanza waseme ni mtu wa namna gani na ana mali gani. Watu wa kwetu watanisifia kwa sababu mimi ni wao, lakini nyumba iliyonipa mke kisha ikamzika haitanisifia bure. Desturi hiyo unaijua. Hata marehemu baba yenu aliifuata alipomwoza shangazi yenu.

Sasa huyo Cyusa aliondoka akiwa mtoto. Kinyarwanda anakisikia, lakini kusoma anasoma Kiingereza peke yake. Na kwenu mwenye Kiingereza ni wewe. Andika ukurasa mmoja tu: Viateur ni mtu wa namna gani, ana nini. Nyumba, pikipiki, ng'ombe, mbuzi. Na shamba la Kingi. Hilo usiliache, liandike wazi kwamba ni langu.

Motari, huyu mwenye pikipiki aliyekuletea barua hii, anaaminika. Mpe jibu akirudi.

Shemeji yako,
Papa Carmel


Pinga, tarehe 30 Januari 2022

Papa Carmel,

Salamu. Mimi mzima, asante kwa kuuliza. Pinga iko palepale, matope mpaka magotini, na pikipiki zinafika zikisukumwa na watu waliolipa kupanda. Nibusie Carmel. Mwambie viatu nitamtafutia.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nikajiuliza huyu mtu ana uso wa namna gani. Miaka yote hii hukutuma hata salamu kwa motari, leo unataka mke ndipo unakumbuka kwamba una shemeji mwalimu!

Tena umeniotea. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha darasa la tatu kueleza mtu kwa Kiingereza, tabia zake na mali zake. Mkono ukaniwasha. Nikaandika jina lako ubaoni, nikawaambia watoto wakutafutie sifa, mimi nikiwasimulia habari zako. Nikasema: mtu huyu mke wake aliugua, naye akasema tuvune kwanza. Wakaandika "bad". Nikasema: mtu huyu anakwenda shambani kabla jua halijatoka, na anarudi wa mwisho kijijini. Wakaandika "good". Mmoja anaitwa Trésor akainua mkono: "Madame, huyu muntu iko mubaya ao iko muzuri? Anatuvuruga kichwa." Nikafuta ubao nikawapa zoezi la wanyama.

Sasa tuzungumze shamba. Shamba la Kingi baba yetu alimpa Vestine siku alipoolewa, akamshikisha jembe mbele ya watu wote. Wewe ulikuwepo, umevaa koti la kuazima. Si lako. Vestine amekufa, basi ni la Carmel. Na wewe unataka mimi, dada yake, niandike kwa mkono wangu kwamba ni lako, ili mke mpya akija awapandie watoto wake pale, na Carmel abaki kuwafulia nguo. Una akili, hilo siwezi kukunyima.

Nitafikiri kama nitaandika. Lakini shamba usilitaje tena.

Mama mudogo wa Carmel,
Adelaïde


Kibabi, tarehe 20 Februari 2022

Shemeji,

Salamu. Afya yako siulizi, naona sauti unayo.

Kuhusu Vestine nitasema mara moja tu. Neno la kuvuna kwanza nililisema alipokuwa anaumwa kichwa, kama anavyoumwa kichwa kila mtu anayelima kwenye jua. Alipozidiwa tulimbeba kwa tipoyi, ile machela ya miti, mimi na majirani, tukarudishwa njiani na wenye bunduki. Tukajaribu njia ya juu, huko pia wakaturudisha. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, nimeshika mti wa tipoyi, nikimsikia anavyopumua. Wewe ulikuwa Pinga unafundisha wanyama. Kwa hiyo usinifundishe mimi namna dada yako alivyokufa.

Sasa shamba, na usome polepole. Umekaa huko mbali, vitabu vimekufanya usahau mambo ya kwenu. Shamba la mwanamke aliyekufa halikai hewani. Mume asipolishika, kaka zake wanalirudisha kwao. Carmel ni msichana wa miaka kumi na tatu. Nani atakayesimama naye mpakani? Kaka yako Jean-Bosco amepita pale mara nyingi na watu wenye ng'ombe wa huko juu. Hawatazami maharage, wanatazama mto. Niliwakuta nikawasalimu, Jean-Bosco akacheka tu, akasema: "Tunatembea, shemeji. Kutembea iko mubaya?"

Ndiyo sababu nataka iandikwe na ukwe kwamba ni langu. Likiwa langu liko nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu mtoto ni Carmel. Huyo mke sijui kama atazaa, wala wewe hujui. Ukiandika, nitaionyesha karatasi hiyo kwa shefu wa kijiji kabla haijakwenda Amerika.

Nimekueleza. Sipigi magoti kwa mtu, na kwako wewe zaidi.

Papa Carmel


Pinga, tarehe 14 Machi 2022

Papa Carmel,

Salamu. Mimi mzima, nashukuru Mungu. Malaria ilinishika wiki mbili, sasa imeniacha. Natumaini ninyi pia hamjambo.

Jean-Bosco ni kaka yangu mkubwa. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenilipia shule mpaka nikapata diploma. Mama yetu anakaa kwake na anakula kwake. Na wewe unathubutu kumsingizia kwa karatasi! Nilipanda mpaka kwenye kilima chenye rezo, mtandao wa simu, nikampigia. Nikamuuliza wazi. Akasema: "Dada, mimi nitauzisha shamba ya mutoto ya Vestine? Unaniona namna gani?" Niliona aibu hata kwa kuuliza. Aibu hiyo umenipa wewe.

Barua yako ya Kiingereza nimeiandika. Sikuiandika kwa ajili yako, ila huyo mwanamke ana haki ya kujua anakokwenda. Ili usiseme nimekuwekea sumu, nakueleza yote yaliyomo.

Nimeandika kwamba wewe ni "tall", mrefu, na "strong", mwenye nguvu. Hayo anayaona kila mtu. Nimeandika "hardworking", mchapakazi. Neno hilo lilinitoka kwa shida, nikalifuta, nikalirudisha, kwa sababu ni kweli. Nimeandika "proud", kwa kuwa unajivuna. Nimeandika "stubborn", ambalo ni la mtu mwenye kichwa kigumu, na nikaongeza "very" mbele yake ili Cyusa asidhani natania. Nimeandika "silent", mtu asiyesema, kwamba mke anaweza kukaa na wewe tangu kupanda mpaka kuvuna asisikie neno la kumfurahisha. Hilo aliniambia Vestine mwenyewe. Nimeandika kwamba si "cruel", si katili, na kwamba mkono wako haujawahi kumgusa mwanamke wala mtoto. Naona hata wewe hukutegemea hilo.

Kwa upande wa mali: nyumba "big" yenye mabati "new", lakini jiko lake "cold", kwa sababu tangu Vestine afe ukipita hapo unahisi baridi. Pikipiki "old" yenye kelele. Ng'ombe mmoja "thin", konda. Mbuzi kadhaa, ambao sikuwaongezea sifa yoyote maana mbuzi ni mbuzi.

Na mwisho nimeandika hivi: shamba la Kingi si lake, ni la familia yetu. Nimelipigia mstari chini.

Kwa kuwa ni barua ya ukwe na siyo ya mwalimu mmoja, inatakiwa sahihi ya mkubwa wetu. Kwa hiyo siitumi kwako. Naituma kwa Jean-Bosco kule Kingi, ataweka sahihi yake pembeni mwa yangu, kisha atakuletea. Umtazame vizuri usoni unapoipokea, huyo mtu unayemwita mwizi.

Mama mudogo wa Carmel,
Adelaïde


Kibabi, tarehe 3 Aprili 2022

Shemeji,

Salamu. Pole na malaria.

Barua imefika. Jean-Bosco ameileta mwenyewe, amevaa shati la Jumapili siku ya Jumatano. Nilimtazama usoni kama ulivyoagiza. Alikuwa anatabasamu. Mkononi alibaki na fotokopi. Nikamuuliza ya nini, akasema: "Ya kumbukumbu ya familia." Sijawahi kuona mtu wa Kingi akienda mpaka Masisi kulipia fotokopi ya kumbukumbu.

Nilimwomba Tuyishime, muuguzi wa hapa aliyesomea Uganda, anisomee. Umeeleza kama ilivyo, hukuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye jiko aliacha kusoma, akaniangalia, nikamwambia endelea.

Ningeweza kuichana, lakini desturi ni desturi. Nimemtumia Cyusa picha ya barua hiyo kwa simu ya Tuyishime, pamoja na huo mstari wako wa chini. Sina cha kukuambia zaidi. Ulilotaka kulifanya umelifanya.

Papa Carmel


Kibabi, tarehe 2 Julai 2022

Adelaïde,

Leo sikuiti shemeji.

Shamba limeuzwa. Jean-Bosco alikwenda kwa shefu na ile fotokopi. Shefu hasomi Kiingereza, akamwita Tuyishime, na Tuyishime ni mtu mkweli, akasoma kilichoandikwa: shamba si la Viateur, ni la familia yao. Chini kuna sahihi ya mkubwa wa familia, na sahihi ya dada wa marehemu, mwalimu. Jana jioni nilipomwendea, shefu akaniuliza kama barua hiyo ni mimi niliyeiomba. Ningesema nini? Ni mimi. Na kama niliikubali nikaituma Amerika hivyo hivyo? Ndiyo. Akasema basi kichwa cha familia anaweza kuuza mali ya familia. Aliyenunua ni mmoja wa wale waliokuwa "wanatembea".

Mimi nilijua jana tu. Tulikuwa tumeacha maharage yakauke. Carmel alitangulia asubuhi na kikapu, mimi nikibaki kufunga mbuzi. Nilipofika nilimkuta amesimama nje ya sengenge mpya. Ng'ombe walikuwa ndani ya maharage, wengine wamelala juu yake. Mchungaji anamfukuza: "Mutoto, toka hapa. Hii iko ya patroni." Na yeye anajibu: "Iko ya mama yangu." Alikuwa hapigi kelele. Analisema hilo tu, halafu analisema tena. Nilimvuta mkono, akakataa kutoka. Nilimbeba begani, mtoto mkubwa vile, kijiji kizima kikitazama.

Nyumbani ameniuliza nani amesema shamba si la mama. Nimemwambia ni mama yako mudogo. Usitegemee nitakufichia.

Na upate kucheka kidogo: Cyusa amejibu. Amefurahi. Amesema ukwe ulioandika hata ukonda wa ng'ombe hauwezi kumdanganya, na kwamba dada yake hatafuti mtu wa maneno matamu. Posa imekubaliwa. Barua uliyoiandika kunizuia mke imenipa mke, na imemwibia mtoto wa dada yako.

Viateur Munyakazi


Pinga, tarehe 17 Julai 2022

Papa Carmel,

Salamu kwako na kwa Carmel. Sina haki ya kuuliza mnaendeleaje.

Barua yako ilipofika sikuiamini. Nilisema ni uongo, amelewa. Nikapanda kilimani nikampigia kaka yangu. Hakukana hata kidogo. Alisema: "Adelaïde, we njo mwenye uliandika. Mimi nimesomewa tu." Nikamwambia niliandika ni la familia ili tumtunzie Carmel. Akaniuliza wapi nimeandika Carmel. Sikuandika. Niliona haina haja. Nilidhani tukisema familia sote tunamwona mtoto yule yule.

Halafu akaniuliza mimi nilisoma kwa pesa za nani. Akakata.

Nimekasirika na Jean-Bosco mpaka meno yananiuma. Nimejikasirikia mimi. Na nakukasirikia wewe pia, nakuambia wazi, kwa sababu ungeniandikia kama mtu anayeomba, si kama askari anayeamrisha, labda ningekusikiliza. Ulijua kwamba mimi na wewe hatuaminiani, ukaleta jambo kubwa hivyo kwa maneno ya kunitukana!

Lakini hayo tuyaache. Niambie kitu kimoja tu. Kuna njia?

Adelaïde


Kibabi, tarehe 31 Julai 2022

Shemeji,

Salamu. Carmel halali vizuri lakini anakula. Haongei juu yako, usiniulize.

Hata mimi nilidhani hakuna njia. Nilimwendea shefu mara ya pili, nikamkuta peke yake. Anasema hana furaha na kesi hii. Mwenye ng'ombe hajamaliza kulipa, na watu wa Kingi wananung'unika, maana kuna mashamba mengi ya wanawake pale na kila mume ameanza kuogopa. Lakini anasema yeye hawezi kubishana na karatasi ya ukwe. Ukwe uliandika, ukwe uje uifute, tena kwa kinywa, mbele ya watu, mbele ya Jean-Bosco. Barua nyingine hataki kuiona. "Mambo ya Kiingereza imetosha," amesema.

Kwa hiyo ni hivi. Lazima uje. Lazima usimame useme baba yenu alimpa Vestine shamba liende naye kwa mume, na kwamba familia yenu haina mkono tena pale. Utasema kaka yako amekula mali ya yatima. Mama yako atakuwepo, amekaa upande wa Jean-Bosco, kwa sababu ndiye anayemlisha. Baada ya hapo hutakuwa na pa kulala Kingi.

Baraza litakaa Alhamisi ya mwisho wa Agosti. Nimekuandikia kwa sababu umeuliza, si kwa sababu nakutegemea. Nadhani hutakuja. Watu waliosoma hupenda kaka aliyelipa shule.

Papa Carmel


Pinga, tarehe 11 Septemba 2022

Papa Carmel,

Salamu nyingi kwako. Natumaini mko wazima. Mimi nimerudi salama, mgongo umevunjika kwa pikipiki lakini ndio huo, shule imefunguliwa.

Tulikaa baraza moja saa nyingi na hatukusalimiana. Ulikuwa unaangalia chini muda wote, sijui hata kama ulisikia yaliyosemwa. Kwa hiyo nakuandikia, kwa sababu nataka uyajue kutoka kwangu.

Nilisema vile ulivyoandika, bila kuruka. Baba alimshikisha Vestine jembe, akasema nenda nalo. Niliposema Jean-Bosco amekula mali ya yatima, Mama alivuta kitenge akafunika uso. Sikuacha. Nilijua nikimtazama nitaacha, kwa hiyo nikawa natazama ndevu za shefu.

Ndipo shefu akauliza lile ambalo hukuniandalia. Akasema: "Sawa. Lakini mutoto iko mudogo. Shamba itabaki kwa mikono ya huyu baba yake. We njo mwenye ulituandikia ule ubaya wake yote. Leo utuambie kwa Kiswahili, yeye ni muntu gani?" Watu wakacheka. Jean-Bosco akacheka kuliko wote.

Kwa Kiingereza niliandika kwa wiki nzima, nikichagua neno la kukuchoma. Pale sikuwa na wiki. Nilisema ni mchapakazi. Nilisema haibi. Nilisema mtoto anamkimbilia yeye akiogopa, nimeona mwenyewe siku hiyo asubuhi. Halafu shefu akawa bado ananitazama, anangoja, nami sikuwa na lingine, nikasema: alimpenda dada yangu.

Kicheko kilikatika. Shefu akageuka kwa wazee wake wakaanza kunong'ona, na mengine unayajua.

Baada ya baraza nilikwenda kuaga. Begi langu lilikuwa limewekwa nje, mlango umefungwa. Mama alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Niliita "Mama" mpaka majirani wakatoka. Hakufungua. Jean-Bosco alisema kupitia dirisha kwamba hapo si kwangu tena, niende kwa huyo bwana wa Kiingereza. Nililala kwa Mama Niyigena, yule muuza unga, na alfajiri nikapanda pikipiki.

Silii mbele yako, usidhani. Nililifanya kwa ajili ya Carmel, ningelifanya tena. Lakini neno lile la mwisho linanisumbua. Nililisema bila kujua kama ni kweli. Vestine alilia kwangu mara nyingi kwamba hujui kusema kitu, kwamba anaishi na ukuta. Alikufa bila kujua, na mimi nikaapa mbele ya watu kwamba ninajua. Kama nilidanganya nataka kuambiwa. Sitalifuta, shamba libaki, ila nataka kujua nilisimama pale nikisema nini.

Mama mudogo wa Carmel,
Adelaïde


Kibabi, tarehe 9 Oktoba 2022

Shemeji Adelaïde,

Nakusalimu. Sisi wazima. Mvua imekuja kwa wakati wake, na mgongo wako natumaini umepona.

Shefu ametuma watu, sengenge imeng'olewa. Mwenye ng'ombe anagombana na kaka yako, hilo si letu. Jina lililoandikwa ni la Carmel, mimi ni mlinzi tu mpaka awe mtu mzima, na Tuyishime amesaini kama shahidi. Carmel amepanda maharage mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akanipa kazi ya kutoa mawe. Muhawenimana anakuja baada ya Noeli. Nilimweleza kwa simu habari zote, akasema shamba hilo hatatia jembe bila mtoto kumwita. Sijui kama atatimiza, lakini alilisema bila kuulizwa.

Usidhani nimekusamehe. Ulitaka kuniumiza, ukamwumiza mtoto, na ulilokuja kutengeneza ni lile ulilolivunja. Hata mimi simtaki mtu ndani ya nyumba yangu anayehesabu ubaridi wa jiko langu. Lakini Noeli inakuja na huna pa kwenda. Mama yako nilimkuta sokoni, hakukutaja. Carmel amesema utalala kwake, na katika nyumba hii siku hizi amri zinatoka kwake. Njoo. Mimi nitakula kwa jirani mpaka utakapoondoka.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Nilikuwa naangalia chini kwa sababu ya hilo neno. Nililibeba lile neno ndani ya tipoyi, kwenda na kurudi, njia ya chini na njia ya juu, nikisema moyoni tukifika hospitali nitamwambia. Hatukufika. Nilimzika sijalisema, na tangu hapo hakuna mtu aliyelisema, si kwangu, si kwenu, si kanisani.

Hukudanganya. Nilimpenda. Lakini kati ya watu wote waliokuwa pale, sikutaka kabisa uwe wewe wa kulisema.

Papa Carmel